Chanjo Yako Imesoma?

Machimboni, karibu na Segese
Jumamosi asubuhi, kwenye benchi la wodi ya wanaume

Kwako Mama Kulwa,

Hujambo mke wangu? Goti linasemaje na baridi hii? Na yule mbuzi wa pembe moja, ameacha kutafuna kanga za majirani au bado unawalipa kwa maneno matamu? Mimi ni mzima wa mwili. Wale waliosoma wakafika mbali huandika "dhumuni la barua hii ni kukujulia hali". Mimi nilitoka darasa la nne kabla mwalimu hajafika kwenye dhumuni, kwa hiyo nitasema tu nilichonacho.

Kwanza jua hili, usirukie ukurasa wa mwisho. Mdogo wako Faustine yu hai. Amelala hapa mbele yangu, dripu mkononi, midomo imekauka kama gome. Yu hai, lakini daktari bado hajatabasamu, na mimi namwangalia daktari kuliko ninavyomwangalia mgonjwa.

Juzi kwenye simu nilikwambia ni malaria. Hilo si uongo. Ila uliponiuliza, "Ilikuwaje mkachelewa kumpeleka?" nikasema mtandao unakatika. Mtandao haukukatika. Niliukata mimi kwa kidole changu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo huniamini. Miaka yote hii, kila nikianza neno la kweli unasema, "Hebu acha utani, mzee." Kwa barua sijakutania hata siku moja, maana sijawahi kukuandikia. Hata wakati wa uchumba nilimtuma shangazi. Basi hii ndiyo ya kwanza, na haina utani. Ukiuona umeponyoka mahali, ujue ni mazoea ya mkono.

Ilianza na gari la afya. Jumanne ya wiki iliyopita lilikuja pale kambini na spika juu, linatangaza chanjo ya UVIKO. Mambo ya barakoa wengi walishayasahau, lakini Masunga, msimamizi wa duara letu, yaani shimo la dhahabu, akasema hashuki mtu shimoni bila kuchanjwa, maana kule chini watu kumi wanavuta pumzi moja. Tukapanga foleni. Akasimama muuguzi mmoja, dada wa miwani, sauti kama ya mwalimu wa zamu. Akasema, "Wengine mkono utauma. Wengine mtapata homa siku moja, mbili. Wengine hamtasikia kitu kabisa. Yote ni sawa. Ila homa ikizidi siku mbili, au ikija siku nyingi baadaye..."

Hapo nikadakia. "Dada, na sisi wazee ambao mambo mengine yalishalala, hiyo sindano itayaamsha?"

Watu walianguka kwa kicheko. Masunga alikaa chini kabisa. Yule dada nilimwona midomo inaendelea kusogea, alimaliza alichokuwa anasema, lakini hakuna aliyesikia. Ile nusu ya mwisho, Mama Kulwa, niliiua mimi. Kumbuka hapo.

Sasa kuna neno letu la huku. Jiwe likisagwa, unga wake ukaoshwa kwenye karai, dhahabu ikionekana pale chini inang'aa, tunasema jiwe limesoma. Lisipoonyesha kitu, halikusoma, tupa. Na kila mchimbaji atakwambia jiwe laini halina mali. Lile linalokukataa, linalopindisha tindo na kukuumiza bega, ndilo linalosoma. Kwa hiyo Jumatano, watu walipoanza kulalamika mikono inauma na vichwa vinagonga, mimi nikiwa nimekaa mdomoni mwa duara na daftari langu la kuandika wanaoshuka na wanaopanda, nikatoa hukumu: "Msilie. Chanjo ni kama jiwe. Ikikuumiza, imesoma."

Basi likawa neno la kambi. Mtu akitoka kwenye hema anaulizwa, "Vipi, imesoma?" Mmoja anasema, "Imesoma mpaka magoti." Mwingine, "Mimi imesoma nusu, mkono tu." Wakashindana kwa homa kama wengine wanavyoshindana kwa ng'ombe.

Na mimi mwenyewe? Mke wangu, sikusikia kitu. Hata mkono. Niliamka Jumatano mzima kama kinu. Nikakaa nikijitazama. Mimi ndiye hakimu, nimeshatangaza sheria, na chanjo yangu haikusoma! Watasema damu ya mzee imekuwa togwa. Alhamisi nikaenda jikoni kabla ya chai, nikafunua sufuria ya uji, nikainamisha uso kwenye mvuke mpaka jasho likachuruzika. Nikajifunika blanketi, nikatoka natetemesha meno. Masunga akanigusa kwenye paji la uso, akapiga yowe: "Oyaa! Ya babu imesoma kuliko zote!" Nililala siku mbili naletewa uji. Uji uleule.

Sikuliona kuwa kosa. Niliona ni mchezo umenoga.

Faustine naye hakusikia kitu. Yeye kwa ujinga wake wa ukweli alisema hivyo hivyo mbele ya watu: "Mimi niko sawa tu." Akashuka shimoni kama kawaida. Unajua mimi na yeye, shemeji kwa shemeji, hatuwezi kukutana bila kuchokozana. Nikampa jina: Jiwe Laini. Kambi nzima ikaitikia. Akishuka, "Jiwe Laini anashuka!" Akipanda, "Jiwe Laini kapanda, hakusoma!" Alikuwa anacheka, lakini nilimwona siku moja anajiminya mkono pale alipochomwa sindano, kama anautafutia maumivu.

Jumanne iliyofuata, wiki nzima toka chanjo, akaja kwangu asubuhi amejikunja, meno yanagongana. Na anacheka!

"Shemeji! Andika kwenye daftari lako. Imesoma!"

"Leo? Wiki nzima?"

"Imechelewa tu. Si unasema jiwe gumu huchelewa?"

Wenzake walipiga makofi. Wakamfunika, wakamwimbia. Na mimi nikapiga makofi, Mama Kulwa. Nilipiga.

Jumatano alitapika asubuhi na mchana. Nilimpelekea maji, nikamshika shingo. Alikuwa anachoma kama karai lililotoka motoni. Macho yameanza kuwa ya njano. Chandarua alichogawiwa, kama kawaida yake, amewafungia vifaranga nje, na kule kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga mbu wanaimba kwaya. Mzee mwenye umri wangu, aliyezika watu wa malaria toka utoto, hahitaji daktari wa kumwambia. Nikamwambia, "Faustine, twende ukapimwe."

Akaniambia hivi, namnukuu kama alivyosema: "Wewe ulitetemeka siku mbili ukapona bila kidonge. Mimi niende kufanya nini? Kesho itakuwa imetulia."

Nikabaki na maji mkononi. Maana ilikuwa rahisi tu kusema, "Mimi sikutetemeka. Ulikuwa mvuke wa uji." Maneno machache. Lakini nje wamekaa vijana wote wanakula, wanasikia. Nikayaona macho yao, nikasikia jina jipya watakalonipa. Nikanyamaza. Nikarudi kwenye daftari langu. Toka Jumatano mchana mpaka Alhamisi asubuhi nilijua na sikusema. Hicho ndicho nilichokufichia kwenye simu. Malaria ni ya mbu. Ile siku moja ni yangu.

Alhamisi nilipokwenda kumtazama alikuwa anamwita baba yenu, marehemu. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya vijana na Masunga, nikasema yote. Nikasema sikuwahi kuwa na homa, nilipasha uso kwa mvuke, chanjo haisomi kwa kutetemeka, neno lile nililitunga mimi, na mtu huyu anakufa kwa malaria.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Masunga akajifuta machozi, "Babu, leo umeamka na mpya!" Na Faustine mle ndani ya turubai, sauti imebaki uzi, akasema, "Shemeji una wivu. Unataka kuninyang'anya homa yangu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimekuwa mwongo wa kufurahisha miaka mingi kiasi kwamba kweli yangu haina mnunuzi. Ningeapa, wangecheka. Ningelia, wangesema babu anaigiza vizuri. Nilitafuta kitu ambacho mimi sijawahi kukifanyia mzaha, sikukiona. Kisha kikaja kimoja.

Nikaingia ndani. Nikavua kofia. Nikapiga goti pembeni ya mkeka wake, mimi mzee wa wajukuu, yeye huyo uliyembeba mgongoni ukienda naye kuchota maji ziwani pale Chato. Nikamwambia, "Shikamoo, Faustine."

Vijana wakasikia. Nje kicheko kilikatika kama kamba.

Akafungua macho. Akanitazama muda mrefu. Akauliza kwa hofu, "Mzee, nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado. Ndiyo maana nakuamkia sasa. Maiti haiitikii."

Hakuitikia. Alianza kulia tu. Masunga alikuwa mlangoni, hakucheka tena, akageuka akapiga kelele, "Pikipiki! Leteni pikipiki!"

Tulipanda watatu, dereva mbele, Faustine katikati, mimi nyuma nimemfunga kifuani kwangu kwa shuka lake. Njia ile unaijua haina huruma. Kila shimo kichwa chake kinagonga kidevu changu. Nilikuwa namsemesha, nikamtaja mbuzi wako, nikamtaja sato wa kukaanga, nikamtukana hata ukoo wenu, ili anijibu. Hakunijibu. Getini hakuna machela, nikambeba mgongoni. Ni mwepesi, mke wangu. Sikupenda alivyokuwa mwepesi.

Na nani alitupokea? Yule dada wa miwani. Akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo. Ikatokea mistari miwili: malaria.

"Homa ilianza lini?"

"Jumanne."

"Leo Alhamisi! Siku mbili zote mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunaisherehekea," nikasema.

Alidhani namtania. Nikamweleza. Alisimama na sindano mkononi akanitazama kama unavyonitazama wewe nikirudi nimelewa. Akasema, "Babu, kile ulichokatiza siku ile kwa ule mzaha wako wa kizee, nilikuwa nasema hivi: homa ikija siku nyingi baada ya chanjo, si ya chanjo. Njoo upimwe."

Nikamwambia, "Ni kweli, dada." Andika siku hiyo kwenye kalenda.

Jana Ijumaa ilikuwa mbaya. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, akinisukuma mkono, akiniita kwa jina la fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mkojo wake ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Daktari akautazama kwenye chupa, akautingisha, akasema, "Huu ukisafika ndiyo tutapumua." Basi toka jana mimi ni mlinzi wa mkojo. Duara zima liko kule na dhahabu yake, na mimi naomba Mungu rangi ya chupa.

Wameniita. Naacha kalamu hapa.

Jumapili, baada ya misa ya redio

Ni mimi tena. Waliniita kushika miguu yake, alikuwa anatapatapa. Sasa ametulia, lakini kutulia huku sikuamini. Nimemwekea kiganja mbele ya pua mara nyingi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili amesema, "Mzee, muache avute hewa yake mwenyewe."

Mkojo wa asubuhi ni mweusi bado. Au kahawia. Nimeutazama dirishani, nimeutazama mlangoni. Macho yangu nayo hayaaminiki, yanaona yanachotaka yenyewe.

Dada wa miwani alikuja kubadilisha dripu nikamuuliza swali ambalo linanikera toka ile Jumatano. "Dada, niambie ukweli. Mimi ambaye sikupata homa ya chanjo, yangu ilikuwa maji?"

Akavuta kiti. Mkali, lakini ana moyo. "Babu, ukichanjwa, mwili unawafundisha askari wake kumjua adui. Wengine wanafundishwa kwa kelele, ndiyo homa na mkono kuuma. Wengine wanafundishwa kimya kimya. Wataalamu wamepima, wakaona huenda wenye kelele kinga yao inapanda juu kidogo zaidi. Kidogo. Lakini na wa kimya nao wanayo kinga. Huwezi kuisoma kwa kutetemeka."

"Kwa hiyo jiwe laini nalo..."

"Una mbwa nyumbani?"

"Ninao wawili."

"Wote wanabweka?"

"Mmoja tu. Yule mwingine huwa hana neno."

"Mwizi akija, ni yupi ana meno?"

"Wote wawili," nikakubali tena. Mara mbili ndani ya wiki moja, na mwanamke yuleyule.

Sasa hili linakuhusu wewe. Uliponiambia ulichanjwa huko Chato ukasikia usingizi tu, nilikucheka kwenye simu, nikasema wamekuchoma maji ya ziwa. Ukasema utarudi kuwaambia wakuchome tena. Usiende. Imekuingia. Na yeyote hapo nyumbani akishikwa na homa, awe amechanjwa au hajachanjwa, awe anacheka au analia, akapimwe siku hiyohiyo. Ukisikia mtu anasema "ni chanjo inafanya kazi", muulize ni siku ya ngapi. Na usipande basi kuja bado. Ningependa ukija umkute ana macho ya kukutazama.

Sijui nitamaliziaje barua hii. Kwenye daftari la duara, ukurasa wa Jumatatu ya kabla ya homa, nimeona jina lake upande wa kushuka. Upande wa kupanda sikuliandika. Alipanda, nilimwona, nilikuwa nimeshughulika kumcheka nikasahau kuandika. Kwa miaka sita majina hayajawahi kupishana. Nimekaa na daftari hilo kwenye mapaja na kalamu ninayo, na mkono unakataa. Naona kama nikiandika sasa kwamba amepanda salama, nitakuwa nadanganya tena.

Jumatatu

Mkojo umesafika!

Samahani kuanza hivyo, sijui barua nyingine duniani iliyoanza na mkojo. Ni wa njano, mke wangu. Njano kama mafuta ya alizeti. Niliubeba mwenyewe kwa daktari kama mtu aliyeokota jiwe lenye mali. Akautazama, akatabasamu. Ana meno mazuri yule kijana, sikuwahi kuyaona.

Nikarudi kitandani. Faustine alikuwa amefungua macho, ananitazama. Macho yake mwenyewe. Akaomba maji, akanywa kidogo. Akalaza kichwa. Nikafikiri amerudi kulala. Kisha akasema, taratibu, na ile pembe ya mdomo ikainuka, ile ya kwenu:

"Marahaba."

Sikuelewa.

"Si uliniamkia Alhamisi?" akasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nililia mbele ya wodi nzima, na safari hii hakuna aliyesema naigiza. Akaniuliza kama dada yake anajua. Nikamwonyesha karatasi hizi, akasema nisome. Nikamsomea zote. Pale pa siku moja niliyonyamaza, alifumba macho, nikangoja. Akasema, "Iache hapo hapo. Usifute." Kisha akanipa adhabu yake: mpaka atakapotoka hapa, kila asubuhi nimwamkie shikamoo, kwa sauti, mpaka kitanda cha mwisho wasikie. Yako wewe naisubiri, na sitaki unihurumie kwa sababu ya goti langu nililopiga.

Daktari anasema siku nne tano zaidi, na vidonge vya kumalizia. Masunga alikuja na vijana, wamesimama mlangoni kama watu waliovunja kioo cha shule. Chandarua wamekitoa kwa vifaranga, wamekifua. Jina la Jiwe Laini wamelizika. Sasa mimi naitwa Mvuke.

Nisalimie mama mkwe, umwambie kitinda mimba wake anakula. Kulwa na Doto wasalimie na wake zao. Yule mchumba wangu, mjukuu wetu wa mwisho, mwambie babu anakuja na asiolewe na mtu mwingine. Katekista jirani msalimie, mwambie nimesali, asiulize mara ngapi. Barua hii ataileta kondakta wa basi la asubuhi. Mpe michembe kidogo, ile ya viazi vilivyokaushwa, ni mtu mwema.

Nimefungua daftari. Faustine, nimemwandika upande wa kupanda. Mkono haukukataa.

Wabeja, asante sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mume wako, ambaye hakupata homa,

Baba Kulwa